Mjomba, tandakanga kwanza

Kikao cha tatu cha harusi ya mdogo wangu kilianza saa kumi na moja jioni. Ilipofika saa mbili usiku tulikuwa bado kwenye vitambaa vya viti: viwe vya dhahabu au rangi ya maziwa? Mimi nilikuwa katibu. Daftari langu lilikuwa na ahadi za milioni kumi na mbili, taslimu milioni mbili na laki tatu, ukumbi haujalipiwa hata senti, na zilibaki wiki saba. Mwenyekiti alikuwa mjomba, na mjomba ndiye aliyeshika bango la dhahabu.

Nikajikaza. "Mjomba, naomba tuangalie mambo kwa upana."

Akanitazama juu ya miwani. "Kwani sasa hivi nayaangalia kwa wembamba?"

Watu wakacheka, nikakaa chini.

Aliyetuokoa ni shangazi. Alikuwa na doti mpya ya kanga, bado haijakatwa, imekunjwa vizuri kama ilivyotoka dukani. Akaiinua juu: "Hii imeandikwa nini?" Nani angejua? Kilichoonekana ni kipande cha pindo tu. Akaitandaza mezani, juu ya madaftari na chupa za soda, tukaona pindo zima, mji katikati, na jina lake. "Na harusi yenu mmeikunja hivyo hivyo," akasema. "Mnagombania pindo." Kijana mmoja nyuma akadakia: "Tandakanga!" Kikao kizima kikavunjika mbavu, mjomba akiwemo. Vitambaa vikamalizwa kwa dakika moja, tukaingia kwenye suala la ukumbi.

Tangu siku hiyo likawa kitenzi. Tutandakange kwanza. Hapo hatujatandakanga. Walimu wa sarufi watatusamehe.

Nimeandika haya kwa sababu wengi tuna vikao vya namna hii, vya harusi, vya msiba, vya kikoba, na ndani yake yuko mdogo anayeona shimo mbele lakini hawezi kumwambia mkubwa. "Mtazamo mpana" ni maneno ya semina, na ukimtupia mzee yanageuka shutuma. "Picha kubwa" ndiyo kabisa, mimi bado naiona ile ya babu iliyotundikwa sebuleni. Neno la mzaha linapita mlango mwingine. Mjomba akicheka ameshakubali, na heshima yake iko pale pale. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tungeni lenu, na mlitunge mapema, kabla watu hawajakasirika.

Lakini si kila neno linashika. La kwangu lilikufa. Nilikulia kwenye minazi, na nikakumbuka jinsi mkwezi akiwa juu anavyoona vyote: mashua zinazorudi, moshi wa jikoni, mbuzi wa nani yuko kwenye mihogo ya nani. Nikaunda "jichokwezi". Nililipenda mno. Nikalieleza kikaoni kwa dakika tano nzima, watu wakaitikia kwa adabu, na sikulisikia tena kinywani mwa yeyote. Nusu ya wajumbe hawajawahi kumwona mkwezi kazini, na neno linalohitaji hotuba ni mzigo. Tena halikuwa kitenzi.

Hilo la kitenzi nalitilia mkazo. Angalieni "kuchakachua". Lilivuma kwenye mafuta, pale dizeli ilipochanganywa na mafuta ya taa. Uchaguzi wa Tanzania wa 2010 likahamia kwenye kura, na leo hata mchuzi wa mama ntilie unaweza kuwa umechakachuliwa. Linakubali kila mkia: uchakachuaji, mchakachuaji, wamechakachuana. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967 na kazi yake naiheshimu, ila mdomo wa mtaani una mahakama yake. "Runinga", ambalo sifa yake anapewa mshairi Sheikh Ahmed Nabhany, ni rununu na maninga, yaani habari ya mbali na macho, nalo limepita. "Tarakilishi" wanafunzi wa Kenya wanalijua, wakati huku kwetu ukilitamka dukani unaletewa kompyuta baada ya kurudia mara mbili.

Tandakanga lilipata na mwenzake. Mweka hazina wetu anafuga kuku wa kienyeji, na siku moja alituambia, "Tunadonoa." Kuku huinamia punje moja, na nyingine, na nyingine, mwewe yuko juu. Hapo hatukuunda kitu, tulilipa neno la zamani kazi mpya. Hali yenyewe tukaiita udonodono. Nadhani ndiyo njia rahisi zaidi, hasa kama hamna shangazi mwenye kanga.

Matatizo yalikuwepo. Binamu yangu mmoja alianza kupiga kelele ya "tandakanga" kila hoja isiyompendeza, hadi tukaweka sheria: anayelitamka ataje kilichofichwa kwenye mkunjo. "Tandakanga, ukumbi." "Tandakanga, ahadi." Asipokuwa nacho, akae. Na katibu awe tayari na tarakimu zake, maana kanga ikitandazwa bila mtu wa kuisoma, mmecheka tu. Jingine: msilitumie kwa wageni. Upande wa bwana harusi walilisikia kwenye kikao cha pamoja wakadhani tunadai kanga za nyongeza. Simu zilipigwa.

Harusi ilifanyika. Vitambaa vilikuwa rangi ya maziwa, kwa sababu ndivyo ukumbi ulivyokuwa navyo bure.

Mwezi uliopita nilimpigia mama kumweleza habari za nyumba ninayotaka kuanza. Mama hakuhudhuria kikao hata kimoja, alikuwa kijijini muda wote. Nikamsimulia marumaru za sebuleni, nikamsimulia geti, nikafika kwenye rangi ya mapazia. Akanyamaza kidogo.

"Kiwanja kina hati?"

Nikababaika.

"Unadonoa, mwanangu."