Kipa wako akiitwa Stars, anza kuhesabu siku

Kama umeanza kazi msimu huu kama meneja wa timu, mratibu au katibu msaidizi kwenye klabu yoyote ya huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Mbeya, kuna siku simu itakuamsha mapema kuliko jogoo. Kikosi cha Taifa Stars kimetangazwa na kijana wako yumo. Mtaa wote, kama ni Mbeya basi Mwanjelwa yote, utakupongeza kama vile wewe ndiye uliyemzaa. Pokea pongezi, mpige kijana picha na jezi, weka kwenye ukurasa wa klabu. Ukimaliza, rudi ofisini ufungue kalenda, maana kazi yako ndiyo imeanza.

Nimekaa kwenye kazi hii miaka ya kutosha kuona makocha wakilaumiwa kwa pointi zilizopotelea mezani kwangu. Ndiyo maana naandika.

Kwanza elewa unachokipigania. Ligi Kuu ina timu 16 na kila timu inacheza mechi 30. Wa 15 na wa 16 wanashuka bila maelezo. Wa 13 na wa 14 wanakutana kwenye mchujo, nyumbani na ugenini; anayeshinda anabaki, anayefungwa anakwenda kucheza tena na timu iliyopenya kwenye mchujo wa Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu. Mbeya City waliimaliza njia hiyo yote mwaka 2023. KMC waliwatoa, wakaangukia mikononi mwa Mashujaa ya Kigoma, wakashuka. Mbeya City hao ndio waliomaliza nafasi ya tatu msimu wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu, 2013/14. Kwa hiyo usije ukajidanganya kwamba mchujo ni wa timu fulani fulani. Kati ya nafasi ya 12 na ya 13 panaweza kuwa na pointi moja tu, na pointi moja ni krosi moja ambayo kipa hakuitokea.

Wageni wengi wa kazi hii wanadhani hasara ya mchezaji kuitwa ni mechi atakazokosa. Kwa timu yetu kubwa ya taifa, kwenye tarehe za kalenda ya FIFA, yaani siku zilizotengwa kwa mechi za timu za taifa, mara nyingi hakosi hata moja, kwa sababu ligi inasimama. Hasara iko kwenye siku tatu za kurudi. Iko pia kwenye mashindano ambayo hayamo kwenye kalenda ya FIFA, na kwenye viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vya watu wengine. Hivyo vyote haviko uwanjani. Viko kwenye barua, tiketi na tarehe.

Barua kwanza. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kiambatisho cha kwanza kinachohusu kuwaachia wachezaji kwenda timu za taifa. Kisome mpaka ukiote. Shirikisho linatakiwa limwite mchezaji siku 15 kabla ya kalenda kufunguliwa, na klabu ijulishwe kwa maandishi wakati huohuo. Wewe una siku sita za kujibu. Mchezaji anatakiwa aanze safari si zaidi ya Jumatatu asubuhi, na aanze kurudi si zaidi ya Jumatano asubuhi baada ya kalenda kufungwa. Usisubiri orodha ya kwenye mitandao. Barua ikifika, igonge muhuri wa siku iliyopokelewa, jibu siku hiyohiyo, na kwenye jibu uliza kwa adabu: anarudi lini, kwa usafiri gani, na nauli ya kutoka Dar mpaka Mbeya iko wapi. Gharama za safari za mchezaji aliyeitwa ni za shirikisho lililomwita. Wenzetu wengi wanaona aibu kuuliza, halafu mtunza fedha wa klabu anakopa.

Hiyo Jumatano asubuhi ndiyo iliyotufunza adabu. Kipa wetu namba moja alikuwa na Stars, hakucheza hata dakika, alikaa benchi Uwanja wa Mkapa, Dar, Jumanne usiku. Sisi tulikuwa na mechi Uwanja wa Sokoine, Mbeya, Jumamosi. Nikamkatia tiketi ya ndege ya Alhamisi asubuhi, nikajiona mjanja. Alhamisi uwanja wa ndege wa Songwe palikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Ndege ikazunguka juu, ikarudi Dar. Nafasi nyingine ilikuwa Jumamosi. Akapanda basi la jioni. Mlima Kitonga lori likawa limelala katikati ya barabara, foleni mpaka kukakucha. Ijumaa saa nane mchana nimesimama stendi ya Nanenane na bajaji ya kukodi, namwona anashuka kashika viatu mkononi. Miguu imevimba, soksi zimeacha alama kama kamba. Akacheka, akasema, "Bosi, niko poa."

Jioni mwalimu akamuuliza kama yuko sawa. Sasa wewe niambie, kipa gani katoka Taifa Stars atamwambia mwalimu hayuko sawa? Akapangwa. Kipa wa pili, dogo aliyepiga tizi siku kumi mfululizo na mabeki walewale watakaocheza, akakaa benchi na bipu yake. Kipindi cha pili ikapigwa krosi ya kawaida tu kutoka kulia, yule wetu akatoka hatua mbili, akasita, akarudi. Moja bila. Mechi ikaisha hivyo. Pointi zile tulizikumbuka mwezi wa tano, tulipokuwa tunahesabu kwa vidole nani anaingia mchujo.

Tangu siku hiyo, kabla mchezaji hajaondoka, nakaa na benchi la ufundi tunakubaliana nani ataanza kwenye mechi ya kurudi. Tunaamua wakati hatuna presha. Akirudi mapema na mzima, mwalimu ana uhuru wa kubadili. Lakini msingi uwe kwamba aliyebaki ndiye anayeanza, hasa kwa kipa na mabeki wa kati, watu wanaofanya kazi kwa kuzoeana. Winga unaweza kumwingiza dakika 20 za mwisho akakuletea bao. Kipa huwezi. Na kama mechi ya kurudi iko Kigoma, basi lenu linapita Sumbawanga na Mpanda na linaondoka Alhamisi, usimlazimishe mtu aliyetoka Stars kuufukuzia msafara. Mwache apumzike. Nimewahi kugombana na kiongozi mmoja kwa hilo, akasema mashabiki watatuelewaje. Mashabiki wanaelewa matokeo.

Kuna ujanja wa kizamani unaopaswa kuuacha: kusema mchezaji ni majeruhi ili asiende, halafu wikiendi acheze. Shirikisho lina haki ya kumpima kwa daktari wake. Zaidi ya hapo, mchezaji aliyeitwa asipokwenda, kwa sababu yoyote ile, haruhusiwi kuchezea klabu bila shirikisho kukubali, kipindi chote alichotakiwa kuwa huko, na kifungo hicho kinaongezwa siku tano. Ukimchezesha unaweza kuipoteza mechi mezani.

Sasa mashindano yaliyo nje ya kalenda, kwani hapo ndipo klabu ndogo zinapoumia zaidi. CHAN ni michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini kwao, maana yake inachota kwenye klabu kama zetu, wala si kwa walioko Ulaya. FIFA haikulazimishi kumwachia mtu kwa CHAN, wala kwa timu nyingi za vijana. Lakini jaribu kukataa hapa nchini uone. Agosti 2025 michuano ilichezwa hapahapa, pamoja na Kenya na Uganda, Stars wakafika robo fainali na kutolewa na Morocco. Nchi nzima ilikuwa inaimba. Katibu gani wa klabu angeandika barua ya kukataa? Kwa hiyo usikatae. Jadili. Mchezaji aliyeko kambini Agosti hayupo kwenye maandalizi yako ya msimu, na atarudi akiwa na mechi mwilini lakini hajui mfumo mpya wa mwalimu. Hiyo inamaanisha Septemba nzima anajifunza wakati wenzake wanakusanya pointi.

Sisi tulichapwa na barua ya timu ya vijana. Beki wetu wa kushoto, miaka 19, aliitwa kambini, na barua ilisema atarejea "mtakapoarifiwa". Tukaona ni lugha ya kiofisi tu. Akakaa wiki tano. Ligi haikusimama, maana si kalenda ya FIFA. Tulicheza mechi nne kiungo akiziba nafasi ya beki. Hakuna aliyetudanganya. Sisi ndio hatukuuliza tarehe. Ukiona neno kama hilo kwenye barua, mtu wako asipande basi mpaka tarehe iandikwe. Na kwenye kanuni za ligi za msimu wako, kitu cha kwanza kutafuta ni kifungu cha kuahirisha mechi; kanuni hizi hurekebishwa msimu hadi msimu, usitembelee kumbukumbu ya mwaka juzi.

Fuata pia matangazo ya FIFA yanayotoka dakika za mwisho. AFCON ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025. Klabu zilikuwa zimejipanga kuwaachia wachezaji tarehe 8, FIFA ikasogeza mpaka tarehe 15. Wiki moja hiyo kwa timu inayopigania kubaki ni dhahabu. Katibu anayesoma barua pepe ana mchezaji wake wiki nzima zaidi ya katibu anayesubiri kuambiwa.

Halafu kuna mwezi wa sita. Ligi ikichelewa kuisha, mchujo unagongana na kalenda ya Juni. Tarehe 11 Juni 2024 Stars waliifunga Zambia 1-0 pale Ndola, mfungaji Waziri Junior, straika wa KMC wakati huo. Msimu huo KMC hawakuwa na shida. Lakini hao hao KMC mwaka mmoja nyuma walikuwa kwenye mchujo na Mbeya City. Badilisha miaka hiyo miwili kichwani, uone straika anashangilia Ndola huku wenzake wanatafuta bao la kubaki. Ukifika mwezi wa tatu mko nafasi ya 11 kushuka chini, weka tarehe za Juni ukutani hata kama wanakucheka ofisini.

Viporo ni somo refu, nitasema moja tu. Simba, Yanga na Azam wana watu wengi Stars na wana mechi za mashindano ya klabu Afrika, hivyo ratiba zao husogezwa, na mechi yako nao inasogea pia. Wewe unaweza kuwa umecheza 26, mpinzani wako wa kubaki kacheza 24. Msimamo unasema uko wa 11, usiuamini. Tengeneza wako, daftari linatosha, ukiandika kila timu ina pointi ngapi baada ya idadi ileile ya mechi, na viporo vyake ni dhidi ya nani na wapi. Mwalimu akiuliza kama sare ugenini inatosha, jibu liko hapo.

Usiwasahau wageni. Klabu za Mbeya zina bahati ya mipaka: kijana wa Malawi akiitwa kwao anavuka Kasumulu asubuhi, jioni yuko mbali. Lakini pasipoti na kibali chake vikague wewe mwenyewe kabla hajaondoka, tarehe za mwisho zote mbili.

Akiumia akiwa na timu ya taifa ya wakubwa kwenye tarehe za FIFA, na akakaa nje zaidi ya siku 28, FIFA ina mpango ulioanza 2012 wa kuilipa klabu mshahara wake. Ndiyo, hata mishahara yetu hii. Mwombe daktari wa Stars taarifa ya maandishi kabla mchezaji hajapanda gari.

Jambo linaloumiza zaidi halina kanuni. Mchezaji akishaitwa, mawakala wanapata namba yake. Dirisha dogo la usajili likifunguliwa, ana simu mbili na mawazo matatu. Usimlaumu, ni kijana anayelala chumba cha kupanga Soweto ya Mbeya na kuambiwa bei yake imepanda mara nne. Zungumza naye mkataba kabla ya wito, wakati hakuna anayemtafuta, na mwambie ukweli kuhusu pesa uliyonayo. Niliyewahi kumdanganya alimaliza msimu nasi, lakini miguu yake ilishahama tangu Januari.

Na siku ya kumpokea, hata kama una tiketi ya ndege, weka nafasi ya basi pia, ya siti ya mbele yenye pa kunyoosha miguu. Mtu wa kumpokea abebe sweta. Anatoka Dar, na Nanenane alfajiri ya mwezi wa sita si mahali pa kushuka na fulana.