Tazama Kwanza, Ndipo Unyofoe

Nilipoanza kupima utumbo mpana kwa kamera, kila nilipokutana na uvimbe mkono wangu ulikimbilia koleo la kuchukulia sampuli kabla jicho halijamaliza kazi yake. Mama mmoja wa makamo, aliyefikishwa kwetu kwa upungufu wa damu, alikuwa na uvimbe bapa upande wa kulia, nami nikaunyofoa mara nne. Majibu yalisema ni adenoma, yaani uvimbe ambao haujawa saratani; lakini aliporudi ili uondolewe, maji yaliyodungwa chini yake hayakuunyanyua sawasawa, kwa kuwa kovu la vipande vile vinne lilikuwa limeushikilia kwenye tabaka la chini. Kovu hilo nililiweka mimi.

Kwa hiyo ninawasihi wenzangu wanaoanza: safisheni kwanza. Sista mmoja mzoefu alikuwa akiniambia, "Daktari, subiri nimwage maji," na alikuwa na haki, kwa sababu chini ya mwanga wa NBI, yaani mwanga maalumu wa kamera unaodhihirisha mishipa midogo, mabaki ya nyongo na choo huonekana mekundu mithili ya damu. Mgonjwa aliyekunywa nusu ya dawa ya kusafisha utumbo jioni na nusu asubuhi ya kipimo huwa na utumbo safi zaidi kuliko aliyeimaliza yote usiku.

Mwanga wa NBI hutumia mawimbi finyu ya takriban nanometa 415 na 540, ambayo himoglobini huyafyonza, na ndiyo maana mishipa midogo ya juu huonekana ya hudhurungi. Uvimbe wenye rangi ileile ya utumbo au iliyopauka kidogo, usio na mishipa dhahiri, kwa kawaida ni wa haipaplasia, yaani seli zilizoongezeka tu bila hatari kubwa. Wenye mishipa ya hudhurungi iliyozunguka vitundu vyeupe vya mviringo au virefu kwa kawaida ni adenoma. Na ule ambao mishipa yake imekatikakatika au kutoweka, huku uso ukiwa umevurugika, hutia shaka ya saratani iliyozama. Jihadharini na uvimbe bapa wa upande wa kulia uliojifunika ute mzito, kwani unaweza kujifanya haipaplasia ilhali ni wa aina ya misumeno, yaani wenye vitundu vya meno kama ya msumeno, ambayo nayo huweza kugeuka saratani. Uosheni ute huo, kisha mtazame upya.

Pasipo na NBI, nyunyizeni indigo karmini. Rangi hiyo ya bluu hutuama mabondeni na kuchora mipaka ya uvimbe pamoja na vitundu ambavyo Shin-ei Kudo wa Japani alivipanga kuanzia aina ya I hadi ya V.

Siku hizi naliacha koleo mezani hadi niwe nimepiga picha, nimeandika aina ninayoidhania na kuamua uvimbe unahitaji waya wa kukatia au daktari wa upasuaji. Majibu ya maabara yakija, nayaweka kando ya dhana yangu daftarini, na pale tulipotofautiana narudi kuitazama picha ileile.