Goti limebadilishwa, maumivu yamezuka upya: mama asichuliwe

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 66. Wiki tano zilizopita alibadilishiwa nusu ya goti la kulia, upande wa ndani. Alikuwa anaendelea vizuri, anatembea na gongo moja. Juzi akishuka ngazi alishikwa na maumivu makali chini kidogo ya goti, na tangu hapo hawezi kukanyaga. Hakuanguka. Jirani anasema ni mshipa umejikunja, tumwite mchua. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Mchua asimguse. Mpelekeni mama hospitali leo hii, na njiani asiukanyage mguu huo hata kidogo.

"Hakuanguka." Neno hili nalisikia kila mara, na ndilo linalochelewesha wagonjwa nyumbani. Watu wanaamini mfupa hauvunjiki bila kishindo, kwa hiyo kama hakuna aliyeanguka basi lazima ni mshipa. Si kweli, hasa kwa mtu aliyefanyiwa operesheni hii. Ili chuma cha goti bandia kikae, daktari hukata kipande cha juu cha mfupa wa muundi upande mmoja, hutoboa vitundu vya pini za kushikilia kifaa cha kukatia, na mara nyingi huchonga mfereji wa kukishikilia chuma. Msumeno ukizama mno kwa nyuma, pini zikizidi, au nyundo ikigonga kwa nguvu, panabaki mahali dhaifu. Mfupa ukiwa mwembamba au umepungua uimara, kama inavyotokea kwa akina mama baada ya kukoma hedhi, kushuka ngazi tu kunatosha kuupasua. Hali hii si ya kawaida, lakini ikitokea huwa ni mezani wakati wa upasuaji au katika miezi michache ya mwanzo. Mama yuko humo humo.

Apigwe eksirei ya mbele na ya ubavuni. Na mkiambiwa picha iko safi huku bado hawezi kukanyaga, msirudi nyumbani mkashangilia: ufa mwembamba unaweza usionekane siku za kwanza. Ombeni kipimo cha CT, yaani picha za kompyuta zinazoonyesha mfupa kwa undani zaidi, au picha irudiwe baada ya wiki mbili hivi, na wakati huo wote atumie magongo mawili. Mfupa ukiwa haujasogea, unaweza kupona kwa kupumzishwa na kufuatiliwa kwa picha. Ukisogea, hufungwa bamba na skurubu. Chuma kikiwa kimelegea, huenda akahitaji goti zima lenye shina refu linaloingia ndani ya mfupa.

Sasa huyo mchua. Akikandamiza ufa uliotulia, anausogeza, na mgonjwa aliyekuwa apone kwa magongo anarudishwa kwenye kisu. Tena baada ya upasuaji wa goti damu inaweza kuganda kwenye shavu la mguu. Ukilichua, bonge lile laweza kung'oka likapanda hadi kwenye mapafu, na hiyo inaua. Wengine humchanja mgonjwa chale juu ya goti lenye chuma. Vijidudu vikiingia mle, kuvitoa ni kazi kubwa, na pengine chuma chote hung'olewa.

Wauza dawa za mitandaoni nao wananikasirisha vilevile. Kila goti linalouma kwao ni "ute umeisha", na tiba ni chupa yao au maji ya bamia. Bamia ni mboga nzuri, kuleni, ila haiungi mfupa. Chupa ndiyo inayonitisha zaidi: dawa za namna hii zimewahi kukutwa zimetiwa steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe na maumivu, kwa siri. Ndiyo maana mgonjwa husema amepata nafuu kwa siku mbili. Maumivu yanazimwa, anakanyaga mguu uliovunjika, na akizitumia kwa muda mrefu mifupa yake inazidi kudhoofika. Kama mama alikuwa akinywa dawa yoyote ya aina hiyo kabla au baada ya operesheni, ichukueni na chupa yake mkamwonyeshe daktari, na asiikatishe ghafla bila ushauri wake.