Tone la maziwa kwa kamera ya mfukoni: maswali yenu

Wiki iliyopita nilieleza CHDK, programu ya bure inayozifungulia kamera ndogo za Canon PowerShot mambo ambayo kiwanda hakikuyaweka kwenye menyu. Najibu maswali yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo mwalimu. Nikiiweka, haitaniulia kamera?

Marahaba. Haigusi programu ya kiwandani. Inakaa kwenye kadi, na kamera ikiwaka inapakiwa kwa muda tu. Toa kadi, washa upya, kamera ni ileile. Ila angalia toleo la programu ya kiwandani: PowerShot A570 IS yenye 1.00E haitumii faili la CHDK la yenye 1.01A.

Nimepandisha kasi ya shata (kilango cha mwanga cha kamera) hadi 1/10,000 ya sekunde ili ninase tone la maji, picha inatoka nyeusi tii. Nakosea wapi?

Kasi umeipata, mwanga huna. Tone likianguka kutoka sentimita 50 hufika chini likikimbia mita 3 hivi kwa sekunde. Kwa 1/1000 linasogea milimita 3, na picha inavuta mkia. Kwa 1/10,000 linasogea 0.3 tu, lakini mwanga unaoingia ni sehemu moja ya kumi ya ule wa 1/1000.

Dawa ni flashi, tena kwa nguvu ya chini kabisa. Flashi ikipunguzwa nguvu inazimika mapema zaidi, na ufupi huo wa mmweko ndio unaolisimamisha tone. Harold Edgerton wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alilinasa taji lake maarufu la maziwa (maziwa yaliyoruka kwa umbo la taji tone lilipotua) mwaka 1957 kwa njia hiyo: mmweko mfupi mno. Kamera kubwa nyingi zenye pazia la shata (linalopita mbele ya kihisi cha picha) hukwama karibu na 1/250 zikitumia flashi ya kawaida. Hizi ndogo hazina pazia hilo, kwa hiyo shata ya kasi na flashi vinaenda pamoja. Hapo ndipo ninapozipendea!

Na kulivizia tone lenyewe?

Mimi hutundika mfuko wa plastiki wenye maziwa, nautoboa kwa pini, chini naweka sahani yenye maziwa membamba. Linapoangukia nasimamisha msumari, nafokasi kwenye kichwa chake, nafunga fokasi, kisha nautoa. Bila hivyo kamera inatafuta fokasi huku tone limeshapita. Halafu ni kubonyeza kwa mdundo wa matone. Jumapili nilipiga picha 80, nikabaki na 3. Katika moja, ukingo wa taji umechomoza vidole vyembamba, kila kimoja na shanga nyeupe kichwani. Niliitazama hadi chai ikapoa.

Radi je?

Inawezekana. CHDK ina skripti (maagizo mafupi ya programu) inayogawa kioo katika vyumba na kufyatua mwanga ukibadilika ghafla. Mmweko mmoja wa radi mara nyingi hupiga mara kadhaa, hivyo ukikosa wa kwanza unaweza kudaka unaofuata. Weka fokasi ya mbali kabisa, zima flashi, na pigia ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa.