Muulize Fundi: Mashine ya kusaga taka imegoma, Malindi nimpate wapi mtu wa kuitengeneza?

SWALI: Asalaam aleikum kaka fundi. Mimi naangalia nyumba ya watu huku Casuarina, Malindi, mwenyewe yuko Marekani na yuaja mwezi ujao na familia yake. Chini ya sinki la jikoni kuna ile mashine ya kusaga mabaki ya chakula, aliileta mwenyewe kutoka kwao na inatumia transfoma. Sasa juzi kulikuwa na wageni tukawapikia samaki wa nazi, tangu siku ile ukiiwasha yanguruma tu mmmm, haizunguki, na maji yamesimama kwenye sinki. Nikamwita fundi bomba akasema hiyo ni ya stima, nikamwita wa stima akasema hiyo ni ya bomba, wa tatu akamulika tochi mara moja tu akaniambia ishakufa nimpe pesa aende Mombasa akanunue nyingine. Kwani Malindi nzima hakuna anayejua hiki kitu? Tajiri akija akikuta sinki limeziba nitamwambia nini mie?
Dada wa Casuarina

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Huyo wa tatu usimpe hata shilingi. Mota ikinguruma maana yake stima inaifikia, kinachoishinda ni kuzunguka, na iliyokufa kabisa mara nyingi hunyamaza kimya. Watu wanadhani ndani mna visu lakini hamna, mna sahani ya chuma yenye vinyundo viwili vinavyochezacheza, ikizunguka inarusha mabaki kwenye duara lenye meno huko pembeni ndio yanasagika. Sasa wewe umetaja samaki wa nazi, mimi akili yangu ishaenda kwenye kifuu, manake mtu akikuna nazi kwa haraka kile kipande kidogo kinavunjika kinaingia kwenye machicha, machicha yanamwagwa kwenye sinki, kifuu kinaenda kukwama katikati ya kinyundo na yale meno, basi mashine imefungika.

Kwanza acha kuiwasha, ikinguruma hivyo bila kuzunguka mota inaungua. Chomoa plagi ukutani, usiridhike na kuzima swichi peke yake, alafu chota maji kwa kikombe mpaka yaishe. Ukiinama chini ya kabati ukatazama tumbo la mashine, nyingi zina tundu la pembe sita katikati, hapo yaingia alenki, ule ufunguo wa chuma wa pembe sita, ya robo inchi, seti yake utaipata duka lolote la hadwea. Izungushe kulia, irudishe kushoto, itakuwa ngumu mwanzo alafu utasikia imeachia, endelea mpaka izunguke duara zima bila kukwama. Sasa mulika kwa juu utoe huo uchafu kwa plaisi, mkono usitie humo hata kama plagi iko mkononi mwako. Chini hapo hapo kuna kidude chekundu cha kubonyeza, mota ikipata moto kinajitokeza chenyewe kukata stima, ngoja dakika 10 hivi ipoe ndio ukibonyeze. Fungulia maji, rudisha plagi, washa. Na tafadhali zile dawa kali za kuzibua sinki usimwage, hazivunji kifuu na fundi akija kufungua zitamrukia machoni.

Kama inazunguka laini kwa alenki lakini ukiwasha bado yanguruma, hapo kuna mawili, kapasita, kile kidude kinachoisukuma mota ianze kuzunguka, imechoka ama transfoma haina nguvu. Kwao Marekani stima ni volti 120, yetu ni 240, na mota wakati wa kuanza inavuta umeme mara kadhaa kuliko ikishashika mwendo, kwa hivyo transfoma ndogo inaishia kuifanya ingurume tu. Soma wati kwenye lebo ya transfoma na lebo ya mashine, ya transfoma iwe kubwa kwa mbali. Atakayekwambia aiunge moja kwa moja ukutani mtoe nje, ataiunguza papo hapo.

Haya, sasa tuje kwa huyo fundi wa kumwita. Kosa la wale wote ni kuwa uliwaita kwa jina la mashine, na Malindi nyumba zenye mashine hiyo ni za kuhesabu. Wewe mtafute anayewaindi mota, yaani anayezisuka upya nyaya za ndani zikiungua, hao wako, manake mji wetu umejaa visima na swimingi puli na kila pampu ina siku yake ya kuungua. Nenda kwa watu wa mentenansi wa hoteli yoyote hapo karibu uwaulize, pampu yenu ikiungua mnampelekea nani? Jina litakalotajwa na zaidi ya hoteli moja ndilo la kushika. Alafu mwite siku moja na fundi bomba, wakutane chini ya sinki wote wawili wasipate kurushiana mpira, mmoja afungue paipu na sili, mwengine ashike mota. Piga picha ya lebo kabla haijaondoka nyumbani, kifaa kibovu kilichotolewa urudishiwe mkononi, na pesa ya mwisho itoke maji yakiwa yanapita, tena mpigie tajiri video aone mwenyewe. Ikiwa inavuja kwenye paipu ya pembeni ama kule juu inaposhikana na sinki, ni mpira ama paati ya kuzibia, kazi ndogo. Ikivuja tumboni kwa chini, sili ya ndani imekwisha na maji yashaingia kwenye mota, hapo ndio unaweza kuzungumzia kununua nyingine.

Ila mimi kwa maoni yangu tajiri angeing'oa tu. Iliyobuniwa Racine, Wisconsin mwaka 1927 na John Hammes ilitegemea mji wenye mabomba ya maji taka, na hata New York sehemu kubwa ya mji waliipiga marufuku kwa kuhofia mabomba yao ya zamani mpaka 1997. Nyumba zetu nyingi hapa ni septiki, kila unachosaga kinaenda kukaa humo mpaka uite lori la kunyonya. Machicha wape kuku.

SWALI: Nakarabati nyumba ya mama mji wa kale Lamu, fundi anashawishi tuweke mashine hiyo hiyo. Yafaa?
Msomaji, Mkomani

JIBU: Haifai. Inakula maji, shimo litajaa upesi, na hapo nje mlangoni una punda na mbuzi wanaosubiri maganda ya embe bure. Nunua kichujio cha chuma cha kuweka kwenye tundu la sinki, na ukoko wa wali ukwangue kwenye sufuria kabla hujaosha.