Kabla ya kuziba mtaro, tembea na wanaochota maji

Mtaro uliokausha chemchemi yetu ulichimbwa na watu wa nyumba yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza jinsi tulivyorudisha maji bondeni hudhani tulishindana na tajiri fulani kutoka mjini. Aliyechimba ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na uji wa wachimbaji niliupika mimi.

Tunaishi Samia-Bugwe, wilaya ya Busia nchini Uganda, upande ambao maji hushukia Mto Sio na kwenda Ziwa Victoria. Ukivuka mto uko Kenya. Bonde letu ni mkono mdogo tu wa kinamasi cha mto huo, lakini mafunjo yake yalikuwa yamesongamana hata ng'ombe hapiti. Sisi wa mashariki tulikua tukisikia habari za mashamba makubwa ya mpunga ya Kibimba na Doho, na kila mwenye kipande bondeni akaona karo ya watoto imelala pale chini. Shemeji alikuwa na wanne shuleni. Sikumlaumu wakati ule, na leo simlaumu.

Mpunga ulikubali misimu mitatu. Halafu ule udongo mweusi ukaanza kupasuka na kushuka. Udongo wa namna hiyo ni mabaki ya mafunjo yaliyolala majini miaka mingi bila kuoza sawasawa. Maji yakiondoka hewa huingia, ukaoza na kusinyaa. Kiangazi kimoja mtu alichoma mabua, moto ukazama ardhini ukafuka siku kadhaa bila mwali kuonekana. Mtaro nao haukubaki ulivyochimbwa. Kila mvua kubwa ilimega kichwa chake, ukazidi kupanda hadi ukaikaribia chemchemi. Jerikeni lililokuwa likijaa kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako sasa lilikuchukua asubuhi nzima, na wasichana wakawa wanachelewa shule.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuanzia ofisini. Tulipeleka malalamiko, maofisa wakaja siku moja, wakasema wote wenye mashamba bondeni watatolewa, wakaondoka. Shemeji hakunisemesha kwa muda mrefu, na msibani tulikaa pande mbili za uwanja. Jirani mwingine akaongeza mtaro wake usiku, avune haraka kabla hajafukuzwa. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nakuambia anza na mwenye shamba, nyumbani kwake, ukiwa umekaa.

Mwambie ukweli wa sheria bila kumtisha. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia ardhi oevu kwa dhamana ya wananchi wote, na hilo halibadiliki kwa kuwa babu yako alilima pale. Lakini kanuni za ardhi oevu za mwaka 2000 hazikukataza kukata mafunjo wala kuchota maji ya nyumbani. Mtu akisikia kwamba kuna kitu anabaki nacho, husikiliza na yale mengine.

Baada ya hapo tembeeni bondeni, na msiende wanaume peke yao na karatasi. Kilichotufungua macho sisi ni mama mkwe wangu. Alitupitisha akituonyesha mahali alipokuwa akichota tangu aolewe: hapa palitoka maji Januari, hapa hadi mvua ya Machi, hapa hapakukauka kamwe. Kila alipogusa kwa mkongojo palikuwa juu ya mahali ambapo mtaro ulikata. Shemeji alitembea nyuma yake kimya, na tulipofika mwisho akasema, "Mama, nitauziba." Mimi nilikuwa nimemsihi miaka miwili. Tembeeni mara mbili, kiangazi na wakati wa mvua, maana njia ya maji ya Februari si ile ya Aprili.

Sasa kazi yenyewe. Tulijenga ukuta mmoja mkubwa wa magunia chini kabisa, mvua ya usiku mmoja ikaubeba wote. Mtaro wenye mteremko huzibwa kwa vizuizi vifupi vingi, na mnaanzia juu, karibu na chemchemi, ili maji yapoteze nguvu kabla hayajafika chini. Maji yanayotuama nyuma ya kizuizi kimoja yafike kwenye mguu wa kile cha juu yake. Sisi tulipigilia vigingi, tukapanga magunia ya udongo, tukashindilia matope na mafunjo katikati. Acheni sehemu ya kati iwe chini kidogo kuliko kingo, la sivyo maji yatazunguka ubavuni na kuchimba mtaro mpya. Msikazanie kuyazuia yote. Mnataka yapunguze mwendo, yamwagike pembeni, udongo uyanywe.

Mafunjo hayahitaji kitalu. Kata kipande cha shina lile nene linalolala kwenye matope, chenye machipukizi, ukipande mvua zinapoanza, mahali penye unyevu ambapo maji hayakimbii. Ng'ombe ndio adui wa mwaka wa kwanza. Wetu tuliwafunga, lakini wengine huvuka kutoka ng'ambo, kwa hiyo ilibidi tuzungumze na wazee wa upande wa Kenya pia. Walikuja, maana mto wanaounywea ni huohuo.

Swali gumu ni la mtu wa katikati. Mimi shamba langu liko ukingoni, nilipoteza kidogo. Shemeji alipoteza karibu lote. Kumwachia hasara hiyo peke yake halafu kumwita mlinzi wa mazingira ni dhuluma. Tulikubaliana, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwa maandishi, kwamba apewe kipande juu ya bonde alime magimbi na mboga, na awe wa kwanza kukata mafunjo ya mikeka. Tunakata kwa zamu, upande mmoja msimu huu, mwingine ukipumzika, bila kung'oa wala kuchoma. Mapato hayafiki ya mpunga wa msimu ule wa kwanza. Anajua, nasi tunajua, na ndiyo maana watoto wake wawili wa mwisho tunawachangia karo kama ukoo.

Chemchemi ilirudi polepole, mwaka wa pili. Korongo wawili wenye taji walionekana kwenye maji ya kizuizi cha tatu, na mama mkwe akatuma mtoto aje aniite.

Bado pamebaki kipande chini, shamba la shemeji linapokutana na la yule jirani aliyechimba usiku. Jirani hajakubali. Jumamosi shemeji ataenda kwake na mama mkwe, nami nitabaki nikijaza magunia.