Kuanzisha timu ya roboti shuleni: watu na meza kwanza, vifaa vifuate

Mwalimu mwenzetu wa Mafinga ameuliza swali ambalo walimu wengi wa sayansi wa nyanda zetu za juu wanalo moyoni. Ana wanafunzi kumi na wawili wanaotaka kujenga roboti na kuingia mashindanoni, shule yake ni ya kutwa, fungu la kazi hiyo hakuna, na anataka kujua kama anunue seti ya vifaa kwanza au atafute kwanza mafunzo yake mwenyewe. Mimi nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Mbeya na ni mlezi wa timu ya roboti kwa miaka kadhaa sasa. Ushauri wangu ni kwamba asianze na lolote kati ya hayo mawili. Apange kwanza nani atafanya kazi, siku gani na juu ya meza ipi, kisha ajiwekee sharti moja asilivunje hata siku moja: mikono ya mwalimu isiijenge roboti.

Nianze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayovunja timu nyingi kuliko upungufu wa vifaa. Mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne hufanyika Novemba, na misimu ya mashindano mengi ya roboti hushika kasi kuanzia Agosti kwenda mbele. Ukijenga timu juu ya wanafunzi wa vidato hivyo, utawapoteza wakati unapowahitaji zaidi, na mkuu wa shule atakuwa na haki ya kuwaondoa. Uti wa mgongo wa timu uwe kidato cha kwanza na cha tatu. Kwa shule ya kutwa, Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na nusu inatosha, mradi isikosekane. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko mnaijua, na mtoto anayetembea mbali asifike nyumbani gizani kwa sababu ya roboti. Omba kibali kwa barua, na uisajili shughuli hiyo chini ya klabu ya sayansi ambayo huenda tayari ipo kwenye orodha ya shule. Suala la michango lifikishe kwa mkuu wa shule na bodi kabla ya kumtajia mzazi hata shilingi moja, kwa maana tangu elimu bila malipo ianze 2016, mwalimu hawezi kuchangisha kwa kauli yake tu.

Sasa nirudi kwenye lile sharti, kwa sababu hapo ndipo ulezi wa timu ulipo hasa. Timu yetu iliwahi kuwa na roboti iliyokwenda vizuri ikiwa imeinuliwa mezani magurudumu yakizunguka hewani, lakini kila ilipowekwa sakafuni na kuanza kukata kona, bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza roboti, ilijizima na kuwaka upya. Wanafunzi waliamini kwamba kosa limo kwenye programu, wakawa wanaiandika na kuifuta. Mimi niliona chanzo mapema: walikuwa wanaendesha mota mbili kwa ile betri ndogo ya mraba ya volti 9, ambayo ukinzani wake wa ndani, yaani namna betri yenyewe inavyouzuia mkondo unaotoka, ni mkubwa, kwa hiyo mota zinapodai mkondo mwingi kwa ghafla, volti zake huporomoka na bodi hukosa umeme wa kuiweka hai. Kulisema hilo kungenichukua dakika moja. Badala yake niliwapa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na kuwauliza swali moja tu: bodi inapata volti ngapi roboti ikiwa imesimama, na ngapi inapoanza kukata kona? Msichana mmoja wa kidato cha tatu alishika ncha za multimita, mwenzake akawasha, na wote wakaona tarakimu zikishuka. Mada ya ukinzani wa ndani walikuwa wameshaisoma darasani, lakini siku ile ndipo walipoikuta kwa macho. Baadaye mwamuzi alipowauliza kwa nini walichagua betri waliyokuja nayo, walimjibu kwa vipimo walivyoviandika wenyewe daftarini. Jibu la namna hiyo halikaririshwi.

Waamuzi huzungumza na wanafunzi, si na mwalimu. Katika FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti kwa wanafunzi, kwa mfano, alama za roboti uwanjani ni sehemu moja tu kati ya nne zenye uzito sawa. Nyingine ni namna roboti ilivyosanifiwa, mradi wa ubunifu, na namna timu inavyoishi na kushirikiana. Mchezo wenyewe wa roboti hudumu dakika mbili na nusu. Timu ambayo mwalimu wake ndiye fundi mkuu inaweza kung'ara katika dakika hizo, kisha ikakwama mbele ya waamuzi, na mtoto akarudi nyumbani akijua kwamba kazi ile haikuwa yake. Hilo linaniuma kuliko kushindwa kokote.

Kuhusu vifaa, mwalimu wa Mafinga yupo mahali pazuri kuliko anavyodhani. Viwanda vya plaiwudi viko jirani naye, na vipande vinavyobaki vinatosha kukata viunzi vya roboti kwa msumeno mdogo. Meza ya mazoezi ya mashindano niliyoyataja hujengwa juu ya bamba moja la plaiwudi la futi 8 kwa futi 4, kipimo kilekile kinachouzwa madukani. Weka kingo za mbao pembeni na una uwanja. Seti za kujengea roboti za LEGO na VEX ni nzuri lakini ni ghali, na hazihitajiki ili kujifunza. Bodi moja ya aina ya Arduino Uno, kiendesha mota cha L298N (kinachopokea amri za bodi na kuzipa mota umeme wa betri), mota mbili za njano zenye giaboksi, kihisi cha umbali cha HC-SR04 na vihisi viwili vya kufuata mstari vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Mota hizo hutaka volti 3 hadi 6. Betri mbili za lithiamu za aina ya 18650 zikiungwa kwa mfuatano hutoa takriban volti 7.4, na kwa kuwa L298N yenyewe hula karibu volti 2, kinachozifikia mota ni kama 5.4, yaani kiasi kinachozifaa kabisa. Hasi ya betri iungwe na hasi ya bodi, la sivyo amri za bodi hazitaeleweka kwa kiendesha mota. Betri za lithiamu zisichajiwe bila mtu mzima kuwapo, zitumie chaja yake inayokata kwenye volti 4.2, na ncha zake zisigusane kamwe. Kwa hili usiwe na huruma, mtoto anayechezea betri atolewe mezani siku hiyo.

Kompyuta mbili zinatosha. Programu ya Arduino, na Scratch ya kujifunzia uandishi wa programu, zote ni za bure, na zikishapakuliwa zinafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo zipakue siku moja mjini na umeme ukikatika Ijumaa mtaendelea kwa chaji iliyopo.

Mafunzo ya mwalimu yatakuja yakienda sambamba na kazi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, hufundisha walimu wa sayansi, na hapa Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Andika barua ukiomba wanafunzi wa chuo waje kujibu maswali ya timu, na uwaambie mapema kwamba nao hawaruhusiwi kushika bisibisi.

Kuna jambo ambalo sitalipita haraka. Katika shule za mchanganyiko, mwalimu asipokuwa macho, wavulana hushika mota na kompyuta, na wasichana huachiwa kuandika daftari na kupamba bango. Halitokei kwa ubaya, linatokea kwa mazoea, lakini matokeo yake ni yaleyale. Zungusha majukumu kila wiki kwa orodha iliyobandikwa ukutani: fundi wa umbo, wa umeme, wa programu, na mwandishi wa vipimo. Kila mmoja apite kote kabla hamjaamua nani ana kipaji gani.

Wafundishe pia kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kurudia jaribio mara kumi kabla ya kusema limefaulu. Zoezi zuri kwa huku kwetu ni kihisi cha umbali, kinachopima muda wa sauti kwenda na kurudi. Programu nyingi huchukulia kwamba sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, mwendo wake kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 8, mwendo huo hushuka hadi karibu 336, na kitu kilicho umbali wa mita moja kitasomeka kama kipo sentimita 102. Waache walitafute kosa hilo wenyewe. Vihisi vya mstari navyo huchanganywa na jua la dirishani, kwa hiyo wazoee kuvirekebisha upya kila wanapohamia chumba kingine.

Mashindano makubwa yasimpe haraka. FIRST Global, mashindano ya roboti ya mataifa yaliyofanyika mara ya kwanza 2017 Washington, hupokea timu moja kwa kila nchi, ya vijana wa miaka 14 hadi 18, hivyo shule haijiandikishi yenyewe bali hupitia mchujo wa kitaifa. Kwa mwaka wa kwanza napendekeza shule tatu za jirani, tuseme za Mafinga, Makambako na Iringa, zikutane Jumamosi moja katika bwalo la mojawapo, na kazi iwe moja inayoeleweka: roboti ifuate mstari wa utepe mweusi wa fundi umeme, ichukue kasha dogo, ilifikishe ghalani bila kugonga ukuta. Sheria ziandikwe kwenye ukurasa mmoja na zitumwe kwa wote wiki kadhaa kabla, na waamuzi wasiwe walimu wa shule zinazoshindana. Mkipanga iwe kabla ya katikati ya Agosti, timu yetu itaomba kibali cha kusafiri, na tutakuja na ubao wetu wenye mstari uliokwisha kubandikwa.